Herufi ya Kumi na Tisa

Siku ile, kama kuna mtu aliyestahili kuitwa mpumbavu pale kituoni, alikuwa Inspekta mwenyewe, na cheti anacho. Kilining'inia ukutani juu ya kiti chake, kwenye fremu aliyoinunua kwa mshahara wake: amehitimu mafunzo ya siku tano ya uchunguzi wa kumbukumbu za kompyuta. Wenzake walimwita Bwana Cheti. Alidhani wanamsifu.

Ilikuwa Jumatatu, saa moja na robo asubuhi. Mezani palikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa hati ya mashtaka, imekamilika, inasubiri sahihi yake. Ya pili ilikuwa orodha aliyoichapa mwenyewe Ijumaa, na ndiyo iliyozaa ya kwanza. Saa tatu kamili mshtakiwa alikuwa apandishwe mahakamani. Kilichobaki ni muhuri wa fundi wa mitambo wa ofisi ya usajili wa ardhi kuthibitisha kwamba orodha imetoka kwenye mashine yake. Jambo la dakika kumi.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Faili la kiwanja cha shule lilipotea katika ofisi ile ya usajili. Jioni ya tarehe kumi na tatu lilikuwepo. Daftari la stoo limeandikwa na watu wawili. Asubuhi ya tarehe kumi na nne, saa mbili, tarishi wa mahakama alipokuja kulichukua, alikuta kwenye rafu vumbi lililoacha umbo la faili, faili lenyewe hakuna. Bila faili hilo, tajiri mmoja aliyekuwa akikidai kiwanja hakuwa na wa kumpinga ila watoto wa darasa la pili.

Milango ya ofisi ile hufunguliwa kwa kadi. Kadi ikigusa mlango, mashine inaandika mstari mmoja: tarehe, saa, mlango, namba ya mfanyakazi, ndani au nje. Kwa tarehe kumi na nne ilikuwa mistari mia mbili na sita. Mtu mwingine angeomba msaada. Inspekta alifungua kompyuta yake, akaikumbuka amri waliyofundishwa siku ya tatu kabla ya chakula cha mchana, ile inayokata vipande vya kila mstari na kuvitoa peke yake, akaandika kwa vidole viwili:

cut -c 7-12,16-18

Yaani, katika kila mstari nipe herufi ya saba hadi ya kumi na mbili, ambazo ni saa na koma yake, na ya kumi na sita hadi ya kumi na nane, ambazo ni namba ya mfanyakazi. Mengine tupa. Herufi hizo alizihesabu kwa ncha ya kalamu juu ya mstari mmoja, ambao aliuchagua kwa sababu ulikuwa umechapika vizuri.

Orodha ikatoka nyembamba, safi, inapendeza. Mistari mitatu ya kwanza ya siku, yote kabla ya saa moja asubuhi, ilikuwa na namba moja: 114.

Mia moja kumi na nne alikuwa mtunza stoo ya mafaili, mwanamke wa miaka hamsini na nane, thelathini na mmoja kati yake akiwa kwenye rafu zile zile. Pale ofisini hata msajili alimwita Mama Faili. Alikamatwa Ijumaa nyumbani kwao, siku moja baada ya mama yake kufariki, huku watu wamekaa kwenye mikeka uani. Alisema asubuhi ya tarehe kumi na nne alikuwa hospitalini anamwosha mama yake. Inspekta alipiga simu hospitali, akaambiwa daftari la wageni hufunguliwa saa mbili. Alisema alikuwa na ruhusa ya kazini. Inspekta alimuuliza naibu msajili, akaambiwa ruhusa ya namna hiyo haijulikani. Jumamosi mama yake alizikwa. Mama Faili alikuwa mahabusu, selo namba mbili, na mdogo wake wa kiume ndiye aliyesimama kaburini akiwaambia watu dada anaumwa.

Inspekta alitia karatasi zake kwenye bahasha, akajitazama kwenye kioo cha dirisha, akatoka.

Chumba cha mitambo kilikuwa nyuma ya ngazi, hakina dirisha, kina feni mbili na baridi ya makusudi. Fundi alikuwa dada mmoja mwembamba mwenye sweta nzito na sauti ya mtu aliyekwisha kuelezwa matatizo ya watu wote.

"Shikamoo ya kazi, dada."

"Kazi haiitikii, afande. Nikusaidie nini?"

"Muhuri tu. Hapo chini."

Fundi aliipokea orodha. Hakuutafuta muhuri. Aliisoma toka juu, kidole kikishuka polepole, kikasimama, kikarudi juu.

"Hii umeipata wapi?"

"Kwenye mistari uliyonipa mwenyewe. Nimeikata."

"Kwa panga?"

"Dada, saa tatu niko mahakamani."

"Nakuuliza kwa sababu huyu mia moja kumi na nne wako ameniogopesha. Hapa, saa tatu na dakika kumi na mbili, ameandikwa mara mbili. Saa nne na dakika tano, mara tatu. Dakika moja, mara tatu. Jumla, siku nzima..." Alihesabu kwa kucha. "Kumi na tisa."

"Nililiona hilo," alisema Inspekta. Kweli alikuwa ameliona, na katika maelezo ya kesi alikuwa amelitungia aya nzima. "Mtu mwenye hatia hatulii. Anaingia, anatoka, anarudi. Dhamiri inamsukuma."

Fundi alimtazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekalia kofia ya mwenyeji.

"Dhamiri imsukume kwenye milango mitatu kwa dakika moja? Mama wa watu ana magoti mabovu. Ngazi zile anazipanda kwa awamu. Mlango uko wapi hapa? Mbona hukuuacha mlango?"

"Sikuuhitaji. Nilitaka saa na mtu."

"Ukautupa mlango." Alivuta kibodi. "Haya. Tutazame mstari mzima, kama ulivyozaliwa, na nguo zake zote."

Kwenye kioo ukatokea mstari mmoja:

14-03,06:42,M2,1147,NDANI

"Soma namba ya mfanyakazi," alisema fundi.

Inspekta alisoma. Akasoma tena. Kisha akafanya lile alilopaswa kulifanya Ijumaa: akatoa kalamu, akahesabu herufi za mstari huu. Ya kumi na sita, moja. Ya kumi na saba, moja. Ya kumi na nane, nne. Ya kumi na tisa, saba. Yeye alikuwa ameiambia mashine ikome kwenye ya kumi na nane, na mashine ni mtumishi asiyeuliza, ilikoma.

"Namba za tarakimu tatu ziliisha miaka minne iliyopita," fundi alisema, sasa bila utani. "Walioajiriwa tangu hapo wana nne. Elfu moja mia moja arobaini mpaka arobaini na tisa, watu kumi. Ukikata ulivyokata wewe, wote kumi wanakuwa Mama Faili."

Baridi ya kile chumba ilimpata Inspekta shingoni.

"Hukutakiwa kuhesabu herufi," fundi aliendelea. "Herufi zinahesabika kama kila mstari una urefu mmoja. Hii haina. Hii ina koma. Unaiambia amri: mpaka ni koma, nipe fungu la pili na la nne. Fungu likinenepa au likikonda, haliihusu." Akaandika upesi, akizisoma alama kwa sauti kama mwalimu wa chekechea:

cut -d, -f2,4

Orodha mpya ilitoka. 06:38, 1147. 06:42, 1147. 06:51, 1147. Fundi akamtajia na milango ya hiyo mitatu: lango kuu, kuingia stoo, kutoka stoo. Inspekta alishuka nayo mpaka chini, mistari mia mbili na sita, jicho kwa jicho. Mia moja kumi na nne hakuwemo hata mara moja.

"Labda aliingia kwa kadi ya mtu," alisema. Haikuwa imani, ilikuwa mtu anayezama akishika maji.

"Na kadi yake je, aliiacha wapi?" Fundi alisimama, akavuta boksi la mafaili kutoka rafuni, akatoa karatasi ya rangi ya samawati. "Mtu akienda likizo au ruhusa, fomu inaletwa kwangu nizime kadi yake. Ndiyo kanuni. Tarehe kumi na moja mpaka kumi na nane, mtunza stoo, kuuguza mzazi. Kadi mia moja kumi na nne niliizima kwa mkono wangu. Angeigusisha mlangoni ingelia kama paka."

Chini ya fomu palikuwa na sahihi ya aliyeruhusu. Ilikuwa ya naibu msajili.

"Mbona hukuniambia Ijumaa?"

"Ijumaa uliniomba mistari, ukasema nisikufundishe kazi, una cheti. Nami nikaheshimu elimu."

Inspekta alilimeza hilo. Halikuwa na sukari.

"Elfu moja mia moja arobaini na saba ni nani?"

"Unayo sahihi yake mkononi."

Alitoka kwenye korido kupiga simu. Saa ya ukutani ilisema saa mbili kasoro dakika nane. Mkuu wake alipokea akitafuna.

"Mkuu, tusimamishe. Mtu siye."

"Nani siye?"

"Mama wa stoo. Nilikosea kukata. Namba ilikuwa na tarakimu nne, mimi nimechukua tatu."

Kutafuna kulikoma.

"Nimeongea na waandishi wa habari jana, unajua? Nimesema tumemtia mbaroni mhusika. Nimesema *mhusika*, sikusema *anayehisiwa*."

"Najua, Mkuu."

"Apande tu. Mahakama itaona. Baada ya wiki mbili tunaondoa shauri kimya kimya."

"Wiki mbili rumande. Mama yake amezikwa juzi, Mkuu."

"Sikumzika mimi. Sikiliza, Bwana Cheti." Ndipo Inspekta alipoelewa, baada ya mwaka mzima, jina lile lilikuwa sifa ya namna gani. "Saa tatu kasorobo nataka sahihi yako kwenye mashtaka, au nataka mtu mwingine na ushahidi wake. Mikono mitupu sipokei. Na ukileta huyo mwingine, utaandika taarifa kwamba umekosea wewe. Wewe, si idara. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Ulikuwa na mustakabali mzuri," alisema Mkuu, na akarudi kutafuna.

Naibu msajili alikuwa ghorofa ya pili, ofisi yenye zulia na viti vya wageni vilivyo chini kuliko kiti chake. Alikuwa mtu wa tabasamu la bure. Ijumaa alikuwa amempa Inspekta chai, biskuti, maelezo yenye sahihi, na jina la Mama Faili. Inspekta hakuitoa fomu. Hakuitoa orodha. Alikuwa amejifunza asubuhi ile, kwa ada kubwa, kwamba kadi ni plastiki tu. Anayetakiwa ni aliyeishika. Alikaa kwenye kiti cha chini, akajikunja kama mtu aliyekuja kuomba.

"Mzee, nisaidie. Mwendesha mashtaka anasema ushahidi ni mwembamba. Kadi peke yake haitoshi."

"Kadi haitoshi?" Naibu alisikitika vizuri. "Sheria zetu hizi."

"Angekuwepo hata mtu mmoja aliyemwona kwa macho yake asubuhi ile. Mmoja tu."

Naibu aligeuza kalamu mkononi. Akaitazama dari. Mtu mwenye pupa akionyeshwa mlango uliofunguliwa haulizi ni wa wapi.

"Sikutaka kusema. Ni mfanyakazi mwenzangu, mtu mzima. Lakini nilimwona."

"Ulimwona."

"Akitoka stoo. Ana mfuko."

"Saa ngapi hivi?"

"Mapema. Saa moja ilikuwa haijafika."

"Korido ile ina giza asubuhi. Una hakika ni yeye?"

"Nilikuwa karibu naye kama ulivyo wewe hapo."

"Mlitoleana salamu?"

"Alinipita bila hata kusalimu."

Inspekta aliandika yote, neno kwa neno, bila kukata chochote. Akamgeuzia karatasi. "Weka sahihi hapo, mzee. Tutakuwa tumemaliza."

Naibu alisaini, sahihi kubwa yenye mkia. Ndipo Inspekta akafungua bahasha na kupanga vitu mezani kimoja kimoja.

"Haya ni maelezo yako ya Ijumaa. Umesema tarehe kumi na nne ulifika kazini saa mbili na dakika tano. Haya ni maelezo yako ya sasa hivi, saa moja haijafika uko kwenye korido ya stoo. Nimwamini yupi?"

Tabasamu lilibaki mdomoni, lakini mwenyewe alikuwa ameshaondoka.

"Nimechanganya siku."

"Inawezekana. Mashine haijachanganya. Lango kuu, saa kumi na mbili na dakika thelathini na nane, kadi yako. Stoo, dakika nne baadaye, kadi yako inaingia. Dakika tisa tena, kadi yako inatoka."

"Kadi inaweza kuazimwa."

"Nilikuwa nangoja useme hivyo. Ila umeniambia macho yako yalikuwepo pia, na macho hayaazimwi. Hii je?" Akaweka fomu ya samawati. "Ruhusa isiyojulikana. Unaijua sahihi hii? Mkia wake umefanana na huu ambao wino wake haujakauka."

Kutoka ghorofa ya chini ilisikika mihuri ikigongwa, watu wakipatiwa haki zao au wakinyimwa, mlio ni ule ule.

"Faili liko wapi?" Inspekta aliuliza.

"Nataka wakili."

"Una haki. Hata Mama Faili alikuwa nayo Ijumaa. Hakuna aliyemkumbusha."

Saa tatu kasoro dakika kumi na nane Inspekta aliweka mezani kwa Mkuu maelezo mawili yanayogombana, orodha yenye muhuri wa fundi, fomu ya ruhusa, na naibu msajili mwenyewe amekaa kwenye benchi nje na askari wawili. Faili halikuwa limepatikana. Mkuu alisoma kila kitu mara mbili, akaichana hati ya mashtaka kati, akasukuma karatasi nyeupe mbele yake.

"Andika."

Inspekta aliandika. Mistari sita. *Mimi ndiye niliyekata. Sikuhakiki urefu wa mistari. Sikuomba msaada wa fundi.* Mkuu aliichukua, akasema kuanzia kesho kuna nafasi kwenye dawati la vitambulisho vilivyopotea, halina presha, mtu anapata muda wa kutafakari. Hakumtazama usoni alipokuwa akisema.

Aliteremka mahabusu mwenyewe. Koplo wa kaunta, mwanamke mnene asiyependa kuongea kabla ya chai, alikuwa ameshatoa mfuko wa nailoni wenye vitu vya Mama Faili: viatu, mtandio, miwani, na picha ndogo ya mwanamke mzee aliyekaa kitandani akicheka. Mama Faili alitokea kwenye mlango wa chuma akitembea kwa magoti yale mabovu. Kanga aliyokuwa amejitanda ilikuwa ile ile ya Ijumaa. Alivaa miwani kwanza, kabla ya viatu, kama mtu anayetaka kuona anakokanyaga.

"Umeachiwa, mama," alisema Inspekta. "Hakuna mashtaka. Mhusika amepatikana."

"Nani?"

"Naibu."

Alitikisa kichwa kidogo. Haikuonekana kumshangaza sana. Alikaa kwenye benchi, akaanza kufunga kamba za viatu.

Koplo alisogeza fomu. "Saini hapa kwamba umepokea vitu vyako. Na hapa, kwamba umetendewa vema na huna malalamiko."

Mama Faili alisoma yote, toka kichwa cha fomu mpaka jina la mpiga chapa. Alisaini sehemu ya kwanza. Ya pili aliipigia mstari, ulionyooka kama umepigwa kwa rula.

"Hiyo ni utaratibu tu, mama," alisema Inspekta.

"Hata mafaili yana utaratibu. Wa kwanza ni kwamba huandiki kisichokuwepo."

Inspekta alikaa upande wa pili wa benchi. Alikuwa amepanga maneno njiani, yakamtoka bila mpango. Alimweleza kuhusu mistari, herufi, tarakimu ya nne. Alimweleza kwamba ni yeye mwenyewe aliyegundua, au karibu ni yeye; kwamba angeweza kunyamaza na hakunyamaza; kwamba ameondolewa kwenye upelelezi kwa sababu yake.

"Kwa sababu yangu?" aliuliza Mama Faili.

"Sikusema kwa ubaya."

"Hiyo mistari. Ulikuwa nayo yote, mizima?"

"Yote."

"Ukaikata kabla hujaisoma."

"Ndivyo tulivyofundishwa, mama. Ilikuwa mia mbili na sita."

"Mimi nina mafaili elfu kumi na mbili, mwanangu. Anayetaka moja, namfungulia lote." Alimaliza kiatu cha kulia, akahamia cha kushoto. "Nilikwambia nina ruhusa."

"Naibu alikataa."

"Nilikwambia niko hospitali."

"Daftari lao linaanza saa mbili."

"Muuguzi wa usiku je, ulimuuliza? Yule mwenye mwanya. Ndiye aliyenishikia beseni."

Inspekta hakuwa amemuuliza. Koplo aligeukia rejista yake, akaanza kusoma ukurasa mtupu.

"Ningefanyaje, mama?" alisema Inspekta, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtu anayejitetea kwa hakimu asiye na haraka. "Niweke kwenye nafasi yangu. Nilikuwa na karatasi mkononi, imetoka kwenye mashine, na karatasi inasema ni wewe."

Mama Faili alisimama, akaweka picha ya mama yake kifuani ndani ya kanga, akajitanda mtandio.

"Karatasi haikuja msibani na pingu. Ulikuja wewe."